Pesa Zilizonipa Usingizi

Jumapili, 7 Januari 2024

Mama kamwaga mtama kwenye kuku wengi. Na kuku wenyewe ni kanisa zima!

Jumapili ya kwanza ya mwezi. Akina mama wazee wote viti vya mbele, wamevaa nyeupe kuanzia kofia mpaka viatu. Mchungaji kauliza kama yupo mwenye ushuhuda. Mama kasimama. Nikajua ni goti. Kila mwezi anamshukuru Mungu kwa goti lake. Leo goti hakuligusa. Kasema anamshukuru Bwana kwa binti yake mkubwa, Verdell, aliyekuwa akisinzia kanisani kila Jumapili kama mlevi, na sasa hasinzii tena, kwa sababu wapo watu wanamtumia dola mia tano kila mwezi na hawamdai hata jasho.

Watu: Amina! Kinanda kikaitikia. Mimi natazama viatu vyangu.

Kanisa halikunitisha. Kilichonitisha ni kwaya, mstari wa pili, mdogo wangu Charlesetta. Setta hakujua. Wa mwisho kujua alitakiwa awe yeye, na Mama kamtangazia kwenye kipaza sauti.

Niandike nione nilivyojiingiza. Mwaka jana walikuja watu wa mradi. Watachagua akina mama wa mitaa yetu hii ya kaskazini, kwa bahati nasibu, wawape hela kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, bila masharti, halafu watazame maisha yanabadilikaje. Mimi na Setta tukajiandikisha siku moja, meza moja, pale maktaba. Mimi nikapata. Setta akakosa. Wakamwomba abaki kwenye kundi la kulinganishia – ajibu maswali kila mwezi, apewe kadi ya duka, basi. Alipanda kwangu analia. Akaniuliza, na wewe? Nikasema, na mimi nimekosa.

Ilinitoka tu. Tangu Julai naishi nayo. Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia kwaya.

Setta hakukosea hata noti moja. Kaimba mpaka mwisho, kavua joho, kaondoka kabla ya chakula. Setta, kuacha kuku wa Mama!

Mama kwenye gari: kwani kosa langu nini? Baraka haifichwi. Nikamwambia nilimwomba asimwambie mtu. Kasema hajamwambia mtu, kamwambia Mungu.


Jumatatu, 8 Januari

Mabasi mawili mpaka kwa Mzee Voelker, ninayemtunza nyumbani kwake. Baridi ya Milwaukee inaingia mpaka kwenye meno. Nimempigia Setta mara kadhaa, hapokei. Tunakaa nyumba moja – mimi juu, yeye chini – na nampigia simu! Naogopa kushuka ngazi zangu mwenyewe.

Mzee alikuwa na redio yake. Habari zilikuwa zetu. Bwana mmoja wa huko vitongojini kaenda mahakamani. Mradi unabagua, anasema, maana mitaa iliyochaguliwa ni ya watu weusi. Mitaa! Kama vile tuliichagua sisi kwenye ramani, tukasema, hapa ndipo tunapopapenda. Na baraza la jiji litakaa mwisho wa mwezi kuamua kama litaendelea kutoa fungu lake au litaufunga mradi.

Mzee kazima redio. Kasema, ukimpa mtu hela bure unamfundisha kulala.

Nilikuwa namkata kucha za miguu. Nikamwambia anyooshe mguu.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalochosha.


Jumatano, 10 Januari

Setta kajibu meseji. Dole gumba. Dole gumba tu! Bora angenitukana.


Ijumaa, 12 Januari

Theluji toka asubuhi. Nikanunua samaki wa kukaanga, wale mji mzima unaokula kila Ijumaa, wa watu wanne, na viazi, na ule mkate mweusi anaoupenda Setta, nikashuka. Watoto wake wakanipokea. Setta alikuwa ndio kwanza karudi toka jiko la shule anakopika, anajiandaa kwenda kufagia ofisi za watu. Kala amesimama. Kanawa. Kawaambia watoto waende chumbani.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika.

"Nilijua umeacha kazi ya usiku," kasema. "Nasikia miguu yako juu ya kichwa changu. Nikasema, dada kapata mwanaume. Nikakuombea adumu."

Nikacheka. Kosa! Yeye hakucheka.

"Kila mwezi wananiuliza," kasema. "Unalala? Una wasiwasi? Umeruka mlo ili watoto wale? Najibu kweli tupu, nikidhani wakijua watakumbuka kunisaidia. Kumbe wananipima mimi ili wajue wewe umepanda kiasi gani."

Nikamwambia achukue nusu. Kila mwezi, nusu kwa nusu. Nilikuwa nalia, sikujua nimeanza saa ngapi.

"Sasa ndiyo unanipa? Baada ya Mama kunitangazia kanisani? Dada, mimi sikulilia hela. Mwaka jana nilipanda ngazi kuja kukulilia wewe, ukanitazama machoni."

Kisha kavaa koti, kaenda kazini kwenye theluji. Nikabaki na watoto wake mpaka aliporudi. Hilo hakulikataa. Alipoingia kasema asante, vilevile angemwambia yaya wa kulipwa.

Nimeandika haya na mkono unanuka samaki.


Jumanne, 16 Januari

Hannah wa mradi kaja nyumbani. Binti mzuri, mweupe, anavua viatu mlangoni hata usipomwambia. Kaniomba nikazungumze mbele ya baraza. Kila mtu anapewa dakika mbili. Kasema madiwani wakikuona uso kwa uso inakuwa vigumu kwao kufunga. Wengine wamekubali: mmoja katengeneza gari akapata kazi ya mbali, mwingine kaanza kuoka keki za harusi.

Kaniuliza, na wewe, hela zimekufanyia nini?

Nikafikiri. Nikamwambia ukweli. Nililala.

Kangoja niendelee. Nikaendelea. Nilikuwa na Mzee mchana na ghala la vifurushi usiku. Kwa miaka. Nalala kwenye basi, nalala kanisani, siku moja nimelala nimesimama kwenye foleni ya duka, mtu kanigusa bega. Hela zilipoanza nikalipa madeni kwanza, nilipopokea mara ya tatu nikaacha ghala. Usiku wa kwanza nililala mpaka binti yangu Amaya akaja kuniangalia kama napumua. Sasa tunakula pamoja jioni. Tunagombana pia, kila siku! Zamani hatukuwa na muda wa kugombana. Nimegundua mwanangu ana miaka kumi na tano na ana maoni juu ya kila kitu.

Hannah kafurahi. Halafu kaanza kunitengeneza, taratibu, kama mtu anayekutoa uzi kwenye sweta. Labda tusiseme kulala. Tuseme umepata muda wa malezi. Na kuacha kazi – labda tusiiguse. Upande wa pili wanasubiri hilo tu: tuliwaambia, wakipewa watalala.

Nikamwambia, lakini nililala kweli.

Kasema anajua. Kasema hapendi kuniomba hivyo. Nikamwamini. Mtu mweupe anaweza kusimama kule akasema aliacha kazi apumzike, wakasema kajijali. Mimi nikisema, nimethibitisha yote waliyofikiri kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia nitafikiria. Nimechoka kufikiria.


Alhamisi, 18 Januari

Mzee kasimulia habari za nyumba tena. Kila bomba likiganda anasimulia. Alirudi vitani Korea hana kitu. Serikali ikamdhamini mkopo wa askari, riba ya kuchekesha, akanunua hapa, akazaa hapa, nyumba ikapanda bei, ikasomesha wote watatu. Na mwisho daima ni uleule: sikusaidiwa na mtu.

Baba yangu alikuwa Korea. Baridi ileile, buti zilezile. Karudi na haki ileile mkononi, kaenda benki, wakamwambia mitaa ile si ya watu wenu, na mtaa wenu hatukopeshi. Kapanga nyumba za watu mpaka tumemzika. Mama anapanga mpaka leo. Mimi napanga. Setta anapanga.

Maneno yalifika kooni. Nikamuuliza kama supu ina chumvi ya kutosha. Anayelipwa kwa saa hachagui siku ya kusema kweli.


Jumapili, 21 Januari

Kanisani nimekuwa benki. Binamu wa Mama ana gari bovu. Jirani wa Mama ana jino la kung'oa. Shemasi, kwa upole kabisa, kanikumbusha fungu la kumi, tena toka Julai! Nikamuuliza kama Mungu naye yumo kwenye kundi la kulinganishia. Kaniambia nisikufuru. Kacheka lakini.

Setta hakuja. Mahali pake kwenye mstari wa pili pamebaki wazi, hakuna aliyesogea kupaziba.

Mama sasa kaanza kuelewa. Kakaa kwenye gari na kofia mapajani. Kasema, mwanangu, mimi nilidhani mmeambiana. Nyinyi wawili mlikuwa mnaambiana mpaka ndoto. Nikamwambia si kosa lako, Mama. Ni langu. Kasema anajua ni langu, anasikitika tu kwamba kinywa kilichotumika ni chake.


Jumatatu, 22 Januari

Meseji ya mradi. Malipo yamesimamishwa. Jaji kataka hivyo mpaka asikilize kesi, na baraza litakaa tarehe 31. Wanasikitika. Wanashukuru kwa uvumilivu wetu.

Uvumilivu wetu! Ndio kitu pekee tunachosifiwa.

Kodi ya nyumba inakuja. Nimekaa jikoni na koti sijalivua. Mzee mwaka huu alitaka kuniongezea kidogo kwa saa, nikamwomba asiniongezee. Nyongeza ile ingenivusha mstari wa kipato, nikakatwa msaada wa chakula wa serikali, nikabaki na pungufu kuliko kabla. Mtu wa nje hawezi kuelewa kwa nini mtu akatae nyongeza. Kila mwanamke wa mtaa huu anaelewa. Zile mia tano ndizo zilikuwa za kwanza kuja bila kufukuza nyingine, watu wa mradi walihakikisha.

Nimempigia msimamizi wa ghala. Kafurahi kunisikia. Zamu ipo, zamu haijawahi kukosekana. Naanza Jumatano.

Amaya kasikia. Kaenda kuchukua sahani yake, kala chumbani.


Alhamisi, 25 Januari

Ghala. Mwili haukusahau chochote. Mgongo ulishika palepale.

Asubuhi nilipita mlangoni kwa Setta, taa yake inawaka, anawafunga watoto makoti. Tulitazamana kupitia kioo. Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. Kama vile najitazama mimi wa mwaka jana.


Jumatatu, 29 Januari

Nimeunguza sufuria kwa Mzee. Niliweka supu, nikakaa kidogo tu. Kengele ya moshi ndiyo iliniamsha. Mzee kasimama mlangoni na mkongojo, miguu mitupu, moshi jikoni kote. Angeweza kuanguka. Tungeweza kuungua wote wawili.

Nilifungua madirisha. Nikamwambia ana haki ya kuipigia kampuni inayonileta, nitaelewa.

Kaketi. Kaniuliza nimekuwaje. Miezi hii yote ulikuwa vizuri, kasema, ulikuwa unaimba hata. Leo umekuwaje?

Nikamwambia. Sikupanga. Zile hela za redioni, Mzee, nilikuwa nazipata mimi. Ndizo zilizoniimbisha. Zimesimama, nimerudi kazi ya usiku, na hii ndiyo supu yako.

Kaweka mkongojo chini. Kisha:

"Lakini wewe si kama hao, Verdell."

"Mzee," nikasema, "mimi ndio hao."

Nikaendelea, maana mlango ulishafunguka. Nikamwambia habari za Baba. Korea, benki, mtaa usio wetu. Nikamwambia kwamba nyumba hii alisaidiwa, tena vizuri, na hakuna aliyempima kila mwezi kuona kama analala. Sauti yangu ilikuwa ya chini. Sikuwa na nguvu ya nyingine.

Sitaandika kwamba alinielewa. Alisema enzi zile zilikuwa hivyo. Alisema hakuzitunga yeye. Kisha kaomba soksi. Nilipomvalisha, kaweka mkono kichwani kwangu kidogo, akautoa haraka kama aliyegusa jiko. Kampuni hakuipigia. Lakini redio hakuiwasha, na mpaka naondoka tulikuwa kama watu wawili waliokutana leo.


Jumanne, 30 Januari

Hannah kaleta maneno yangu, yamepigwa chapa vizuri. "Nilipata muda wa malezi." Nimeyasoma kwa sauti bafuni. Mwanamke aliyeandikwa pale ni mzuri sana. Simjui.

Amaya kasikiliza nje ya mlango. Kasema, Mama, hivi hujasema popote kwamba ulikuwa umekwisha. Nikamwambia hawapendi hivyo. Kasema, mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nakuja kukutazama kabla ya ile siku pia, kila ukilala, nikidhani umekufa.

Hakuwahi kuniambia. Nilidhani ni mara moja tu.

Ghala nimeomba ruhusa ya leo. Nimelala kitandani nimefumbua macho. Chini, kwa Setta, kimya.


Jumatano, 31 Januari

Ukumbi wa baraza. Naandika hapa kiti cha nyuma, mikono ipate kazi.

Watu wengi kuliko nilivyodhani. Dari iko juu sana, picha za wazee wenye ndevu. Diwani mwenyekiti ni mwanamke, miwani puani, anamkata kila mtu dakika mbili zikiisha, hata mchungaji wetu kamkata katikati ya aya. Mama yuko mbele na kofia yake. Nimemwapisha asishuhudie.

Mwenye keki kazungumza, kapigiwa makofi. Mwenye gari naye.

Kisha bwana wa kesi. Si jitu nililolitarajia. Mtu wa makamo, koti la kawaida. Kasema na yeye alikulia kwenye umaskini. Mama yake alifua nguo za watu. Hakuna aliyempa bahati nasibu. Anauliza tu, kwa nini si maskini wote? Swali si baya. Nilitaka kumjibu, ndiyo, wote, nani kakataa? Lakini anachoomba mahakamani si wote wapewe. Anaomba sisi tuache kupewa.

Diwani mmoja kauliza upande wetu: kuna aliyeacha kazi? Hannah kasimama, kajibu kwamba kwa wastani watu hawakuacha kufanya kazi. Ni kweli. Kwa wastani. Nikajikunja kitini kama wastani unanitafuta.

Mlango wa nyuma umefunguka. Setta.

Kavaa sare ya jikoni shuleni, wavu wa nywele bado kichwani. Hakunitazama. Kaenda kwenye meza ya kujiandikisha, kaandika jina, kakaa upande ule mwingine, karibu na watu wa yule bwana. Sijui kama anajua ni upande wa nani. Nadhani anajua.

Mama kageuka kumtazama, kanigeukia mimi. Nimeinua mabega.

Wanaita majina. Nilidhani litakuwa langu. "Charlesetta Rankins."

Kaenda mbele. Kashusha kipaza sauti, yeye ni mfupi kuliko wote waliotangulia. Naandika anavyosema, kwa haraka, yasinipotee.

"Mimi ndiye niliyekosa," kasema. "Mmewasikiliza waliopata. Mimi nimejibu maswali ya mradi huu tangu Julai, na sikupata kitu. Dada yangu alipata. Aliniambia na yeye amekosa. Alinidanganya miezi sita, na bado sijamsamehe, kwa hiyo msidhani nimekuja kumbeba."

Hannah kafunika mdomo.

"Baba yetu mmoja, mama yetu yule mwenye kofia. Nyumba moja, yeye juu mimi chini. Shule moja, kanisa moja. Wote wawili tulikuwa na kazi mbili. Yeye akaacha moja. Ndiyo, aliacha! Namsikia juu ya kichwa changu usiku, anatembea, anacheka na mtoto wake, kisha kimya, kalala. Mimi nalala masaa manne kwa siku. Wiki iliyopita nilimimina maji ya moto pembeni ya mkono wa mtoto wa shule kwa sababu macho yalijifumba. Pembeni. Ilikuwa bahati. Mkitaka kujua hela hizi zinafanya nini, msimtazame yeye. Nitazameni mimi. Mimi ndiye yeye bila hizo hela."

Mwenyekiti hajamkata. Dakika zimepita, hajamkata.

Kasema Bi. Rankins, asante, ila kwa kumbukumbu za kikao lazima aandike: unaunga mkono mradi uendelee, au unapinga?

Setta kimya.

Kashika meza kwa mikono miwili. Namjua. Hivyo ndivyo alivyosimama mlangoni kwangu mwaka jana, aliponiuliza, na wewe?

Mwenyekiti karudia swali. Setta kageuka. Anapekua nyuso, kiti kwa kiti, mstari kwa mstari. Ananitafuta mimi, na mimi nimejikunja huku nyuma mahali asipoweza kuniona.

Nasimama